Kioo cha Hodhi la Samaki na Mkono Unaokisafisha



Ndugu wasomaji, na khasa akina mama mnaoshika funguo za nyumba zetu, juma hili nimekusudia kuzungumza juu ya jambo ambalo huenda likaonekana dogo: kifaa cha kusafishia kioo cha hodhi la samaki. Najua wapo watakaosema, "Sheikh leo amekosa la kuandika." Nawaomba wanistahamilie. Jambo hili lilinifunza somo ndani ya nyumba yangu mwenyewe, na katika somo hilo walikufa samaki watano, na nusura nimdhulumu mtoto wa watu.

Siku hizi mahodhi ya samaki yameingia majumbani mwetu. Utayakuta ukumbini, utayakuta katika vyumba vya kungojea madaktari, na watoto wanayapenda. Anayelinunua hodhi huelezwa chakula cha samaki na taa ya kuwasha, lakini ni nadra kuelezwa atalisafisha kwa kitu gani. Basi siku kioo kinapochafuka, kila mtu hunyoosha mkono akachukua kilicho karibu. Nami nilifanya hivyo hivyo.

Yaliyonipata

Mwaka juzi mjukuu wangu wa kike, akiwa na umri wa miaka tisa, alikusanya pesa zake za Idd, akaongezewa kidogo na bibi yake, akanunua hodhi la kioo la lita 40 na samaki saba wadogo wenye mikia iliyochanua kama ncha za leso. Hodhi likawekwa ukumbini karibu na dirisha. Baada ya wiki chache kioo kikafunikwa na utando wa kijani, hata samaki wakawa wanaonekana kama vivuli.

Alhamisi moja tulikuwa tukitarajia wageni. Mjukuu alikuwa shule. Niliona haya wageni kulikuta hodhi katika hali ile, nikaingia jikoni nikachukua sifongo ya vyombo, ile ya manjano yenye mgongo wa kijani. Nikaisuuza mara moja kwenye mfereji, nikakunja mkono wa kanzu, nikasugua kioo chote kwa ndani mpaka kikang'aa. Wageni wakaja, wakalisifu hodhi, nami nikapokea sifa.

Ijumaa alfajiri niliporejea kutoka msikitini, samaki watano walikuwa wakielea, matumbo juu. Wawili waliobaki walikuwa wakihema kwenye uso wa maji.

Akili yangu haikwenda kwenye sifongo. Ilikwenda kwa binti anayetusaidia kazi za nyumbani, kwa kuwa niliwahi kusikia kwamba dawa ya kupulizia mbu huua samaki. Nikamwita. "Mwanangu, jana usiku ulipuliza dawa ya mbu humu ukumbini?" Akajibu, "La, Maalim, sikupuliza." Nikamuuliza tena, kwa sauti ambayo leo naionea haya. Akalia. Mjukuu wangu akaamka akawaona samaki wake, naye akalia. Siku ya Ijumaa, siku njema, nyumba yetu ikawa na vilio viwili.

Jioni nikaenda kwa kijana mmoja auzaye samaki wa mapambo. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kwa adabu, "Sheikh, kabla hawajafa, kioo kilisafishwa?" Nikasema, "Naam." "Kwa kitu gani?" Nikamweleza. Hakunilaumu. Aliniambia tu, "Ukifika nyumbani, tia maji safi katika bakuli, uikamue ile sifongo ndani yake, kisha utazame."

Nilifanya hivyo mbele ya mke wangu. Povu likapanda, jeupe, hadi ukingo wa bakuli. Hapakuwa na haja ya shahidi mwengine.

Nikamwita yule binti mbele ya wale wale walioshuhudia nikimhoji, nikamtaka radhi. Alinisamehe, Allah amlipe kheri. Nikawabadilishia maji wale samaki wawili, wakapona. Lakini mjukuu wangu aliniuliza swali moja ambalo bado ninalo moyoni: "Babu, kwani hukujua?" Sikujua, na wala sikuuliza kabla ya kutenda. Makala haya nayaandika ili mwengine asipate udhuru kama wangu.

Kwa nini povu dogo liue

Sisi tunapooshea vyombo sabuni tunaona ni usafi. Kwa samaki mambo ni kinyume. Mwili wa samaki umefunikwa na ute, na ute huo ndio vazi lake na kinga yake dhidi ya maradhi. Pumzi yake anaivuta kwa matamvua, yaani mashavu, ambayo ngozi yake ni nyembamba mno ili hewa iliyoyeyuka majini ipenye kuingia katika damu. Kazi ya sabuni ni kuyeyusha mafuta na kulegeza kilichoganda, basi huulegeza ule ute na huiharibu ile ngozi ya matamvua. Samaki hubaki ndani ya maji yenye hewa, naye hawezi kuivuta.

Wala hahitaji sabuni nyingi. Kwa aina nyingi za sabuni za maji na za unga, miligramu chache katika kila lita moja ya maji zinatosha kuwadhuru samaki. Tuchukue tano kwa mfano. Hodhi la lita 40 lingehitaji miligramu 200 tu, nayo ni sehemu ya tano ya gramu moja, kiasi ambacho hakijazi ncha ya kijiko cha chai. Sifongo iliyokwisha kuosha sahani za pilau mwezi mzima hubeba zaidi ya hicho ndani ya matundu yake, hata ukiisuuza.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza, na ndiyo kubwa kuliko zote, ni hii: kifaa cha hodhi kiwe cha hodhi peke yake. Kinunuliwe kipya, kisiwahi kugusa sabuni, kiwekwe mahali pake, na ndoo yake iwe mbali. Ndoo ya kufulia isiingie katika kazi hii. Tia alama ndoo ya samaki kwa rangi au kwa kitambaa, na kila mtu wa nyumbani aambiwe maana ya alama hiyo, pamoja na mtoto, mgeni na msaidizi. Na ukiwa na shaka na kifaa chochote, kikamue katika bakuli la maji safi kama nilivyofundishwa mimi. Kikitoa povu, kirudishe jikoni.

Ujue kwanza ukuta wako ni wa nini

Baada ya kumtazama samaki, tutazame ukuta. Mahodhi yanayouzwa ni ya aina mbili. Mengi ni ya kioo halisi. Mengine ni ya akriliki, ambayo ni plastiki angavu inayofanana na kioo. Kwa macho hutazitofautisha upesi, lakini kifaa kilicho salama kwa moja huenda kikaiharibu nyingine.

Zipo njia nyepesi za kuzijua. Kigonge kwa ukucha: kioo hutoa mlio mkali, akriliki hutoa mlio mzito uliofifia. Kiguse kwa kiganja: kioo huwa na ubaridi zaidi. Tazama ukingo wake: kioo cha kawaida huonyesha rangi ya kijani kwenye mkato. Tazama pembe zake: hodhi la kioo limeunganishwa kwa gundi laini ya silikoni iliyojitokeza kama uzi mnene, na la akriliki maungio yake ni angavu, mara nyingi hayaonekani.

Wataalamu wa mawe wana kipimo cha ugumu alichokiweka Mjerumani Friedrich Mohs mwaka 1812, kinachoanzia 1 hadi 10. Almasi iko 10. Kioo cha kawaida kiko karibu na 5 na nusu. Akriliki iko karibu na 3. Na chembe ya mchanga wa kawaida wa mtoni, ambao kwa wingi ni kwatzi, iko 7. Kanuni yake ni kwamba kilicho kigumu hukikwaruza kilicho laini. Hapo utafahamu kwamba chembe moja ya mchanga ikinaswa chini ya kitambaa chako inaweza kukwaruza hata kioo, na akriliki hukwaruzwa na vitu vingi ambavyo kioo hakivijali.

Msidhani kwamba akriliki ni kitu duni. Wale wenu wenye jamaa Dubai huenda mmeletewa picha za lile hodhi kubwa lililo ndani ya duka la Dubai Mall, lililofunguliwa mwaka 2008. Dirisha lake ni la akriliki lenye unene wa takriban sentimita 75, kwa kuwa akriliki ni nyepesi kuliko kioo na haivunjiki upesi. Udhaifu wake ni mikwaruzo. Hata hivyo mkwaruzo wa akriliki mtaalamu anaweza kuung'arisha ukaondoka, na mkwaruzo wa kioo ni vigumu kuuondoa nyumbani. Kila mmoja una namna yake ya kutaka uangalifu.

Vifaa vinavyofaa

Sasa tuingie katika vifaa vyenyewe.

Cha kwanza ni sifongo laini au kitambaa laini kisichotiwa dawa. Hiki kinafaa kwa kioo na kwa akriliki, na kwa utando mpya wa kijani hakuna haja ya zaidi yake. Soma maandishi ya pakiti kabla ya kununua, kwa kuwa baadhi ya sifongo za jikoni hutiwa dawa ya kuua vijidudu kiwandani, nazo hazifai hata zikiwa mpya. Ule mgongo wa kijani uliokakamaa usitumiwe kabisa kwenye akriliki.

Cha pili ni kadi ya plastiki iliyokwisha muda wake, kama ya benki au ya duka. Ioshe kwa maji matupu, kisha kwangua kwa ukingo wake. Hukwangua vizuri madoa yaliyoshika, na kwa akriliki ni bora kuliko wembe. Hiki ni kifaa kisichogharimu hata shilingi.

Cha tatu ni mswaki mpya wenye nywele laini, kwa ajili ya pembe na mahali ambapo mkono haufiki. Nasema mpya, kwa kuwa mswaki wa zamani una masalio ya dawa ya meno.

Cha nne ni sumaku ya kusafishia. Hii ni vipande viwili: kimoja hukaa ndani ya hodhi, kingine nje, navyo huvutana kupitia kioo. Unapokisogeza cha nje, cha ndani hufuata kikisugua, na mkono wako haulowi. Wengi huipenda, nami namshukuru aliyeibuni, lakini ina masharti. Inunuliwe kwa kulingana na unene wa kioo chako, kwa hiyo pima kwa rula kabla ya kwenda dukani. Ikiwa dhaifu kuliko unene wa kioo, kipande cha ndani kitaanguka. Ikiwa na nguvu kupita kiasi, itang'ang'ania, na inaweza kukibana kidole cha mtoto kikavimba. Isishuke mpaka kwenye mchanga. Iache sentimita tatu au nne juu yake. Ikianguka chini, usiirudishe kwenye kioo hapo hapo. Itoe nje, uisuuze, uipapase kwa kidole kuhakikisha hakuna chembe iliyonasa. Watu wengi waliokwaruza vioo vyao walivikwaruza kwa njia hii, chembe moja ya mchanga ikiburutwa ukuta mzima. Na ikiwa nyumbani yuko mzee aliyetiwa kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo, sumaku yenye nguvu isikae karibu na kifua chake.

Cha tano ni wembe wenye mpini mrefu uliotengenezwa kwa kazi hiyo. Huu ni wa kioo tu. Akriliki hauiachi salama hata mara moja. Kwa madoa magumu yaliyoganda juu ya kioo, hakuna kinachoushinda, mradi uwe mpya, usiwe na kutu, na ulazwe kwa upande badala ya kusimamishwa. Lakini uuepushe na pembe. Ile gundi ya silikoni ndiyo inayoyazuia maji, na wembe ukiikata leo, hodhi litavuja kesho au mwezi ujao usiku mmelala. Ukimaliza, ukaushe na uufungie mbali na watoto. Usishike kamwe wembe mtupu kwa vidole ndani ya maji, kwani maji hupotosha macho, na damu hutangulia kabla ya maumivu.

Vya jikoni kwetu

Naona akina mama mnauliza juu ya vitu tulivyolelewa navyo. Bibi zetu walisugua masufuria kwa makumbi ya nazi na majivu, au kwa mchanga wa pwani, yakang'aa kama fedha. Basi kwa nini visifae kwa kioo?

Sufuria haina macho ya kuonyesha mkwaruzo, na haina kiumbe ndani yake. Mchanga na majivu vina chembe ngumu, basi viachieni masufuria. Kumbi ni kali kwa akriliki, nalo hunasa chembe na kuachia vumbi lake majini. Dodoki jipya lililolowekwa mpaka likalainika linaweza kutumika kwenye kioo kwa upole, likiwa halijaguswa na sabuni ya kuogea. Nyuzi za chuma za kusugulia masufuria ni marufuku: hukwaruza, huacha vipande vyenye kutu, na baadhi yake hutiwa sabuni. Zile za shaba ni hatari zaidi, kwani shaba ikiyeyuka majini huwaua kamba na konokono wa hodhini hata ikiwa kidogo.

Siki na ndimu zina nafasi yake. Maji ya visima vyetu vingi huku pwani yana chokaa, nayo huacha mstari mweupe pale maji yanapoishia. Punguza maji yashuke chini ya mstari ule, lowesha kitambaa kwa siki kidogo, futa, kisha futa tena mara mbili kwa kitambaa cha maji matupu. Usimimine wala usiache itiririke ndani.

Ama dawa za kupuliza za kung'arishia madirisha, nyingi zina amonia au spiriti. Amonia ni sumu kwa samaki, na kwa akriliki huifanya ififie na kupasuka nyufa ndogo ndogo. Upande wa nje wa hodhi unatosheka na kitambaa laini kilicholoweshwa maji. Dawa ya klorini ya kufulia nguo nyeupe nayo isikaribie hodhi lenye uhai. Na hapa nawausia jambo lililo pana kuliko hodhi: msichanganye dawa ya klorini na siki, wala na kitu chenye amonia, si kwa samaki wala kwa choo. Mchanganyiko huo hutoa hewa ya sumu, nayo humdhuru mwanadamu kabla ya uchafu.

Mkono nao una haki

Nimemtaja samaki na nimekitaja kioo. Wa tatu ni mwenye kusafisha.

Kabla ya kutia mkono, chomoa waya wa kipasha maji, wa taa na wa pampu. Maji na umeme havikai pamoja kwa amani. Kipasha maji kiache kipoe kwanza ndipo upunguze maji, kwa maana kikibaki wazi nje ya maji kikiwa na moto hupasuka.

Mikono ioshwe kwa maji matupu na kusuuzwa sana. Mafuta ya kujipaka, manukato na sabuni ya mkononi yote huingia majini. Anayetoka kujipaka mafuta amwachie mwengine kazi.

Mwenye kidonda au mchubuko mkononi avae glavu ndefu zisizo na unga. Yapo maradhi ya ngozi yanayoletwa na kijidudu kinachoishi katika maji ya mahodhi, hupenya kwenye jeraha dogo na kuota uvimbe usiopona upesi. Ukipata uvimbe wa namna hiyo, mwambie daktari kwamba unafuga samaki, kwani asipojua hilo huenda akachelewa kuugundua. Na kila anayemaliza kazi, awe na jeraha au asiwe nalo, aoshe mikono kwa sabuni. Sasa sabuni ina mahali pake.

Wala hodhi lisisukumwe likiwa na maji ili ufikie nyuma yake. Lita moja ya maji ni kilo moja. Hodhi la lita 100 lina maji ya kilo mia bila kuhesabu kioo na changarawe, na hakuna meza wala mgongo unaopenda mzaha na uzito huo.

Namna ya kuifanya kazi

Utaratibu wenyewe si mrefu. Zima na uchomoe. Safisha kioo kwanza, ukianza juu kuteremka chini, ili uchafu uanguke ukusanyike. Subiri kidogo utulie, kisha uunyonye kwa mpira pamoja na robo ya maji, si yote. Rudisha maji yaliyo na joto sawa na ya mwanzo. Ikiwa ni ya mfereji yenye klorini, yatiwe dawa ya kuiondoa inayouzwa kwa wauza samaki.

Usioshe kila kitu siku moja. Katika changarawe na katika kichujio wanaishi vijidudu wema wanaogeuza uchafu wa samaki usiwe sumu. Ukikisuuza kichujio kwa maji ya mfereji siku ile ile uliyokwangua kioo, umewaua, na samaki watakufa katika maji yanayoonekana masafi. Kichujio kisuuzwe siku nyingine, kwa maji yaliyotolewa humo humo hodhini.

Ukuta wa nyuma, usiotazamwa na mtu, si lazima usafishwe kila mara. Ule utando wa kijani ni mwani mdogo, na samaki wengi na konokono huula. Kinachouzidisha ni jua la dirishani, taa isiyozimwa na chakula kinachobaki. Kijana yule alitushauri tuliondoe hodhi dirishani, taa isizidi saa nane kwa siku, na mjukuu atie chakula kinachomalizika kwa dakika mbili. Tangu hapo kusugua kumepungua kuliko nusu. Basi asiyechafua sana hahitaji kifaa kikali.

Na ile dawa ya mbu niliyomtuhumia yule binti, hatari yake ni ya kweli. Mkipuliza chumba chenye hodhi, lifunikeni na mzime pampu ya hewa mpaka chumba kipoe. Elimu niliyokuwa nayo ilikuwa sahihi; kilichokosekana ni ushahidi. Mtu anaweza kuwa na elimu iliyo sawa akaitumia kumwonea asiye na kosa.

Amana

Abu Umayr, mdogo wake Anas bin Malik, alikuwa na kindege akikichezea, na Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alikuwa akimuuliza mtoto yule kwa upole habari za kindege chake. Wanazuoni wamechukua hapo ruhusa ya mtoto kufuga. Na katika mafundisho hayo hayo tumeonywa juu ya mwanamke aliyemfungia paka, hakumlisha wala hakumwacha akajitafutia. Ruhusa na onyo vimekuja pamoja. Paka aliyefungiwa hakuwa na pa kwenda, na samaki wa hodhini ni vivyo hivyo. Wapo samaki wa mapambo waliotolewa na wazamiaji katika miamba ya bahari yetu hii hii. Kule maji yalisafishwa na mawimbi. Humu hodhini yanasafishwa na wewe, na samaki hana pa kukimbilia ukikosea.

Kwa hiyo, wazazi, mtoto akitaka hodhi, mnunulieni siku hiyo hiyo sifongo yake, ndoo yake na mswaki wake, na mwoneshe mwenyewe namna ya kuvitumia. Mjukuu wangu sasa ana miaka kumi na mmoja. Vifaa vyake vimo katika kikapu kidogo cha ukili kilichotundikwa nyuma ya mlango, na juu yake ameandika kwa kalamu nene: "Vya samaki. Babu usiguse."

Nimelipokea agizo hilo kwa unyenyekevu. Siku moja moja huniruhusu kufuta kioo kwa nje, kwa kitambaa cha maji matupu, huku yeye na yule binti wakinisimamia.

Allah atujaalie tuwe wenye kuuliza kabla ya kutenda, na wenye kuhakikisha kabla ya kutuhumu. Wassalamu alaykum.